Malaria ikipanda kichwani, vidudu vinaingia ubongoni?

SWALI: Daktari habari. Mtoto wa dada yangu alishikwa na degedege usiku, tukamkimbiza hosi, wakamtoa maji ya mgongo wakasema si meninjaitisi (uvimbe wa utando wa ubongo), ni malaria imepanda kichwani. Alidungwa dawa, sasa anacheza. Lakini jirani anasema ubongo hauna kinga ndiyo maana malaria huingia huko. Ni kweli? – Mama wa Nyalenda, Kisumu

JIBU: Pole mama, na mlifanya vizuri sana kutongoja asubuhi.

Jirani usimcheke, hata madaktari waliamini karibu hivyo miaka mingi. Mjerumani Paul Ehrlich, karne ya 19 ikiisha, alidunga wanyama rangi kwenye damu, ikashika mwili wote lakini ubongo ukabaki vile ulivyo, juu seli za kuta za mishipa midogo ya huko zimebanana kabisa, vitu vingi vya damu havipiti, ndiyo madaktari wakadhani hata kinga haifiki.

Lakini kinga iko, imekaa pembeni tu. Chini ya fuvu kuna utando mgumu unaofunika ubongo, na ndani yake kuna mishipa mikubwa ya damu, mmoja unapita katikati ya kichwa kutoka mbele mpaka kisogoni. Yale maji waliyomtoa mtoto ndiyo huzunguka ubongo, yanabeba vipande vya taka, na vingine vinafika kando ya hiyo mishipa ambako seli za kinga zimejipanga kama polisi wa rodibloku ya barabara ya Busia, kila mzigo unachunguliwa. Mwaka 2015 watafiti wa Virginia, Marekani, na wenzao wa Helsinki walionyesha kwa panya kwamba kwenye utando huo kuna pia mishipa ya limfu, yaani mifereji ya maji ya mwili, inayopeleka taka mpaka tezi za shingoni.

Sasa vidudu vikiingia, kuta za mishipa zenyewe hutoa protini za kunata, seli nyeupe zilizokuwa zinapita na damu zinapunguza mwendo, zinasimama, halafu zinajipenyeza nje. Ndiyo maana wanapima maji ya mgongo, seli nyeupe zikijaa humo wanashuku meninjaitisi.

Malaria ni mjanja. Kidudu hakihitaji kuingia ubongoni, kinakaa ndani ya seli nyekundu, na hizo seli zinanata kwenye kuta za mishipa, wakati mwingine kwa protini ileile ya kunasia seli nyeupe, inaitwa ICAM-1! Damu inakwama, kuta zinaanza kuvuja, ubongo unavimba, mtoto anapata degedege au anazimia. Dawa ya atesuneti ikipitia mshipani inakikuta kidudu palepale kwenye damu.

Huyo mtoto mrudisheni kliniki hata kama anacheza, kwa sababu wengine baadaye hupata kifafa au shida ya kushika masomo, na mwalimu wake pia aambiwe.