Mamajusi Waliokuja na Kaskazi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Chake Chake aliniandikia kuuliza nafanyaje hata wanangu wasiuchoke mchezo wetu wa mamajusi, wale wataalamu wa nyota waliokwenda kumsujudia Mtoto Yesu, kwani wa kwake mwenye miaka mitano ameshaanza kumkodolea macho kila anapoinuka usiku. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana swali lake lilinigusa penye kidonda.

Mchezo wenyewe ni huu. Krismasi ikishapita, watoto wakabaki na kokwa za maembe na huzuni ya sikukuu kwisha, mimi huwatoa mamajusi watatu wa mti wa mfenesi, kila mmoja urefu wa kidole gumba, waliochongwa na fundi wa milango kwa vipande vilivyombakia. Usiku wa tarehe 25 Desemba huwasimamisha kwenye dirisha la mashariki, na kila usiku husogea kidogo hadi tarehe 6 Januari, siku ya Epifania, wanapolifikia hori la Mtoto Yesu juu ya kabati la vyombo. Asubuhi watoto huwatafuta nyumba nzima. Siku moja waliwakuta jikoni wamekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, wakatoka mbio wakipiga kelele, "Leo wamepanda mbuzi!" Wanaamini wageni hao walikuja na jahazi kwa upepo wa kaskazi, nami sikuwasahihisha, kwa kuwa Injili ya Mathayo inasema walitoka mashariki, basi, haitaji chombo, wala haisemi walikuwa wangapi.

Kwa miaka mitatu mambo yalikwenda uzuri, na nakiri nilijisifu. Mwaka wa nne nikataka makubwa. Nilimwaga unga sakafuni uwe mchanga wa jangwani, nikaandika na barua kutoka kwa mamajusi. Unga ulijaa sisimizi. Barua nayo, binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka 7, aliitazama mara moja tu akasema, "Mama, mbona huu mwandiko wako?" Ningeligeuza maneno, lakini wifi yangu aliyekuja kututembelea aliangua kicheko mbele ya watoto wote, wa jirani wakiwamo: "Kwani mlidhani vijiti vinatembea?" Mwanangu mdogo alilia mpaka akapitiwa na usingizi. Tumeshasameheana na wifi, ila kicheko kile bado nakisikia.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, ushauri wangu wa kwanza ni usizidishe, na wa pili ni huo huo. Kilichoniokoa mwaka ule hakikuwa barua bali ubani, ambao ndio uvumba wa Mathayo, na ambao haukosekani katika nyumba zetu. Usiku wa tarehe 5 Januari niliutia kwenye chetezo, na alfajiri mtoto wa jirani zangu, ambao ni Waislamu, alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akatangaza kwa uhakika kabisa kuwa wageni wamefika. Mwanangu mdogo alimwamini yeye kuliko shangazi yake. Mtoto huyo ndiye ambaye wanangu huongozana naye Idi kukusanya pesa za sikukuu.

Wako wanaoniambia Krismasi hapa Zanzibar ni kitu cha kuazima, na hao ndio hukimbilia kununua theluji ya plastiki. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa mahali pale pale. Sikukuu yenye mizizi kama hiyo haihitaji theluji, na mzazi anayedharau mbuzi na chetezo vya nyumbani kwake asimlaumu mtoto akichoka mapema.

Mtoto akikuuliza, usimwapie. Mrudishie swali, "Wewe unaonaje?", umsikilize mpaka mwisho. Akishajua, mwite pembeni, umkabidhi kazi. Binti yangu nilimwita jikoni kesho yake, nikamwachia majusi mmoja awe wake wa kumsogeza, na tangu hapo hajawahi kumfumbulia mdogo wake hata neno.

Januari iliyopita majusi huyo hakuonekana. Tulipekua pakacha, mtungi wa maji, hata viatu vya baba yao. Nilipokwenda kumwaga majivu ya ubani nilimkuta ndani ya chetezo, amejaa masizi mpaka kilembani. Nilimgeukia binti yangu. Akanitazama bila kupepesa, akasema, "Mimi usiku nililala, Mama."