Re: Breki zinalia asubuhi nikianza safari tu

Mkuu, kama zinalia ukitoka tu nyumbani Kisasa na kunyamaza kabla hujafika mjini, mara nyingi si ugonjwa. Diski, ile sahani inayozunguka na gurudumu, ni chuma. Gari likilala nje baada ya mvua au kuoshwa, hushika kutu nyembamba. Chungulia katikati ya rimu kabla hujawasha, utaiona, ina rangi ya chungwa. Ukikanyaga breki mara chache, pedi, vile vipande vinavyobana diski, zinaikwangua.

Ila kwa kiangazi hiki cha Dodoma mimi ningeshuku vumbi. Fundi afungue tairi, apulize vumbi, asafishe pini za kalipa (kile kifaa kinachosukuma pedi zibane diski) na kuzipaka grisi ya breki. Hakikisha grisi haigusi uso wa pedi hata kidogo, utakosa breki!

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pedi kuisha. Nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski zikikaribia kwisha, na mlio wake ni mwembamba, hauishi hata ukiendesha muda mrefu. Zikibaki milimita 3, badilisha, kushoto na kulia kwa pamoja. Ukisikia chuma kinasaga chuma, tafadhali usiliendeshe, mwite fundi alifuate hapo lilipo.