Barua kwa mwanangu: ile D ya fizikia

Lindi mjini

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na swali lako limeninyima usingizi wa mchana. Unauliza wanaochunguza historia ya tabianchi ya bahari walisomea nini, na kama wewe wa CBG (kemia, biolojia na jiografia, bila fizikia), mwenye shahada ya jiolojia, unayepima sampuli za dhahabu huko Geita, umeshachelewa.

Kwanza nikiri kosa. Ulipoleta D ya fizikia kidato cha pili, mimi mwalimu wa kemia nilikwambia achana nayo. Naona hadi leo unaibeba ile D, na mzigo huo nilikutwisha mimi.

Haya, tuwaangalie wenyewe. Harold Urey alikuwa mkemia, Nobel ameipata 1934, kabla hajaanza kupima joto la bahari za kale kwa magamba. Cesare Emiliani alisoma jiolojia Bologna, Italia, ndipo akaenda Chicago kwa Urey. Nicholas Shackleton alisoma fizikia Cambridge (na alikuwa mpiga klarineti hodari, ile jamaa ya zumari yetu). Hakuna aliyepita mlango wa mwenzake. Walikutana kwenye foraminifera, viumbe vya seli moja ambavyo magamba yake huzama na kulala chini ya bahari.

Unakumbuka majaruba ya chumvi, jua linavyonyonya maji na kuacha mazito? Oksijeni nayo ina nyepesi, 16, na nzito, 18. Maji yenye nyepesi hutangulia kupaa. Zama za barafu, mvuke ule uliangukia nchi za ncha kama theluji, ukaganda huko usirudi, bahari ikabaki na nzito nyingi zaidi. Kiumbe hujenga gamba kwa maji anayoyakuta. Mwaka 1955 Emiliani alizisoma tofauti hizo zaidi kama joto na baridi. Mwaka 1967 Shackleton akaonyesha kwamba sehemu kubwa ni kiasi cha barafu. Mwanafizikia akamsahihisha mwanajiolojia, lakini bila magamba ya mwanajiolojia angepima nini?

Tena si mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliotumia foraminifera kutoka mfinyanzi wa pwani yetu hii ya kusini. Shackleton yumo kati ya waandishi, na Joyce Singano wa TPDC, shirika letu la petroli, yumo. Magamba ya kale yaliyokaa kwenye sakafu ya bahari kuu yalikuwa yamejigeuza, kalsaiti mpya, yaani madini ya gamba, imeota ndani ya maji baridi, kwa hiyo yalidanganya kwamba bahari za tropiki zilikuwa za ubaridi. Ya kwetu yalifungwa na mfinyanzi, yanang'aa kama kioo. Yakatoa joto la nyuzi 28 hadi 32, pengine na zaidi. Watu wa hapa wanajivunia mjusi wa Tendaguru, yule dinosau aliyeko Berlin. Mimi vidude hivi vidogo vimenishika zaidi.

Kwa hiyo hujachelewa. Jiolojia unayo. Kemia unayo, nilihakikisha mwenyewe, na kazi ya mgodi imekuzoesha kupima bila kubahatisha. Unachokosa ni maikropaleontolojia, elimu ya visukuku vidogo sana, na fizikia kidogo ya mashine inayotenganisha oksijeni nyepesi na nzito. Hiyo tutaisoma pamoja, vitabu vyangu vipo, mchwa wamekula majalada tu. Usidharau kompyuta pia. Mwaka 2005 Lorraine Lisiecki na Maureen Raymo walioanisha rekodi 57 za magamba kutoka bahari mbalimbali, miaka milioni 5.3, na kazi hiyo haifanyiki kwa rula na penseli.

Ukija Idd tutatafuta mfinyanzi barabara ya Kilwa, tuuloweke usiku kucha na kuuosha polepole. Chekeche la bibi yako halifai, matundu yake makubwa mno. Ulizia kazini kama wana la mikroni 63, wakuazime.

Baba yako