Cottonii inaoza kila kaskazi: niache mwani nifuge majongoo?

SWALI: Assalam aleykum. Mimi ni mkulima wa mwani Micheweni, Pemba. Nalima ufukweni kwa vijiti na kamba, maji yakipwa naenda kwa miguu. Kila ikifika kaskazi, msimu wa joto, cottonii yangu, ule mwani wa bei nzuri, inageuka nyeupe, inalainika na kukatika. Aina nyingine, spinosum, inavumilia, lakini bei yake ndogo. Mume wangu anavua kwa madema, mitego ya samaki, na samaki wamepungua. Wenzangu wa kikundi wanataka tukope tufuge majongoo bahari. Mwanangu anasema nihamie maji ya kina, nami sijui kuogelea. Nifanyeje? Na huu mwani mweupe niutupe au niukaushe?

JIBU: Waaleykum salaam, mama. Nianze na hilo la mwisho, maana halisubiri. Tawi lililokwisha kuwa jeupe halina kitu tena. Karagini, ule ute ambao viwanda vinautafuta kwa ajili ya vyakula na dawa ya meno, imeshavunjika. Likate, lipeleke nchi kavu, usiliache likielea shambani. Sehemu iliyo bado ngumu na yenye rangi yake ivune leo, hata kama haijatimiza siku 45, uianike juu ya chanja. Uzito utakuwa mdogo na ubora utapungua, lakini ukingoja bamvua lijalo, siku za maji kujaa na kupwa sana, huenda usikute hata hicho. Na usichukue mbegu, yaani vitawi vya kupanda upya, kwenye kamba hiyo, hata tawi lionekane zima namna gani.

Sasa chanzo chake. Mwani huanza kwa kuchoka. Joto likizidi, chumvi ikipungua kwa mvua, au maji yakituama, tawi hulegea, na bakteria ambao wamo baharini siku zote hupata pa kuingilia. Kwa hiyo hakuna dawa ya kunyunyiza, na akija mtu kukuuzia, mwache aende zake. Kinachotibika ni mahali na wakati.

Cottonii hupenda maji ya nyuzi joto 25 hadi 30. Yakipita 33, tena kwa siku kadhaa mfululizo, huanza kuumia. Bahari kubwa ya kwetu wakati wa kaskazi hucheza kwenye 29 au 30, kwa hiyo utajiuliza mbona yako inakufa. Ni kwa sababu shamba lako haliko bahari kubwa. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa sana kuanzia saa nne asubuhi kuelekea adhuhuri. Yanayobaki juu ya mchanga hayafiki hata magotini, hayatembei, na jua linakaribia utosini. Humo ndimo cottonii inapopikwa, wakati hatua mia mbili mbele maji ni ya kawaida kabisa.

Basi kabla ya kukopa hata shilingi, tafuta kipimajoto cha maji. Kifunge kwenye uzi, na bamvua zima ukisome maji yakiwa yamekupwa kabisa, sehemu tatu: katikati ya shamba, ukingoni mwa mkondo, na ndani ya mkondo kule kusikokauka. Weka kwenye maji mpaka kitulie, usikisome kikiwa juani. Andika kwenye daftari, tarehe na saa. Ukikuta shambani 34 na mkondoni 31, umeshajua cottonii yako inatakiwa kukaa wapi, na umejua kwa gharama ndogo kuliko semina yoyote.

Hili si jipya. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino, cottonii iliota vizuri ufukweni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kufa sehemu moja baada ya nyingine, na kina mama wengi wakabaki na spinosum, ambayo bei yake mara nyingi ni kama nusu ya cottonii. Kwa maana hiyo mwanao hajakosea. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyewahi kuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, amefanya kazi kwa miaka mingi na wakulima kuhusu njia za maji ya kina: kamba zinazoelea, na nyavu za mirija ambamo mbegu huingizwa ndani ya wavu mrefu kama soksi badala ya kufungwa kwa taitai, vile vikamba vidogo, ili wimbi lisiikate.

Ila maji ya kina yanataka chombo, nanga, watu wa kusaidiana na mtu anayejua kuogelea. Wewe unaweza kuanzia katikati. Tafuta ukingo wa mkondo ambao maji yakikupwa yanakufika kiunoni, hapo miguu yako bado inagusa chini. Funga kamba zako baina ya nanga za viroba vya mchanga, na chupa tupu za plastiki ziwe maboya. Maji yakijaa mwani unapanda nao, yakipwa hauanikwi juu ya mchanga. Jaribu kamba chache tu kwanza, na uende na mwenzio, usiende peke yako. Kama eneo ni njia ya ngalawa au dago (kambi) la wavuvi, malizaneni kwanza na kamati ya uvuvi ya shehia. Magomvi ya aina hii nimeyasuluhisha mengi, na karibu yote yalianza kwa mtu kuweka kamba kabla ya kuuliza.

Kalenda nayo ibadilike. Kusi, kuanzia Juni, maji yanapoa, cottonii inaweza kurudi ufukweni pasipo na wimbi kali. Ikikaribia Novemba hamishia mkondoni, hasa mbegu, na ufukweni bakisha spinosum. Wakati wa masika punguza kamba zilizo karibu na mdomo wa kijito, maana maji matamu huua sawa na joto. Vijiti usikate mikoko. Ndiyo inayowavunjieni mawimbi.

Majongoo. Sikatai, ila hesabu yake si ya mwani. Mwani unaona fedha kila wiki sita. Jongoo mchanga, anayefugwa zaidi, anaweza kuchukua mwaka mzima kabla ya kufika ukubwa wa kuuza, na mwaka huo unalinda uzio usiku, kwa sababu adui wake mkubwa ni mwizi. Mvua kubwa ikileta maji matamu kwenye uzio, wanakufa. Yaani mnakimbia hatari moja ya hali ya hewa na kuingia nyingine. Vifaranga ulizeni kituo cha kutotolesha viumbe vya baharini cha Beit el Ras, Unguja, na muulize mapema: vina ukubwa gani, vitapatikana mwezi gani, na wangapi huwa wanabaki hai baada ya kupandikizwa. Asiyeweza kuwajibu hilo la tatu, msimlipe. Kibali pia mkiulizie kwanza, msije mkafuga mali msiyoruhusiwa kuisafirisha.

Kunenepesha kaa ni kwa haraka zaidi, wiki chache tu, lakini kaa wenyewe mnawatoa mikokoni na chakula chao ni samaki, ambao umesema wamepungua. Kwa mumeo ningetazama pweza. Kisiwa Panza, hapo hapo Pemba, wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa kisha wanaifungua pamoja. Pweza hukua haraka, kwa hiyo matokeo huonekana msimu huo huo. Kikihitajika kitu, ni makubaliano ya kijiji na doria, si mtaji mkubwa.

Kuhusu mkopo, msimamo wangu ni huu. Mwani uendelee kulisha nyumba, na majongoo yalipiwe na akiba ya kikundi, uzio mmoja, fedha ambayo ikipotea hakuna mtoto atakayerudishwa kutoka shule. Mkopo wa marejesho ya kila mwezi haufai kabisa kwa kitu kinachovunwa baada ya mwaka; mtajikuta mnalipa majongoo kwa fedha za mwani, na kaskazi ikiingia hamna vyote viwili. Akitokea mkopeshaji anayekubali kulipwa baada ya mavuno, msitie saini kabla ya kuuonesha mkataba kwa afisa wa mazao ya bahari wa wilaya, na angalieni hasa kipengele cha nani anabeba hasara vifaranga wakifa.