Kabla hujafungua kompyuta, kasimame dukani

Tovuti ya kwanza niliyolitengenezea duka la hapa Moshi ilikataliwa kwa swali moja. Duka lenyewe ni la vitenge na khanga, maeneo ya Mbuyuni. Mama mwenye duka alivaa miwani, akaishika simu yangu, akapandisha na kushusha ukurasa mara mbili, kisha akauliza: "Mwanangu, hili duka la nani?"

Nilikuwa nimeweka Mlima Kilimanjaro juu kabisa, wanawake wanaotabasamu niliowatoa kwenye picha za bure za mtandaoni, rangi ya kijivu na dhahabu iliyokuja na templeti (muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari), na maneno "Ubora unaoaminika". Hakutambua hata kimoja. Nikafuta yote. Haya ninayokuandikia wewe unayeanza kazi hii niliyapata nilipoanza upya.

Nilimwomba Mama aniruhusu nikae dukani siku tatu, na daftari tu. Kibao cha nje kina jina refu la kwenye leseni, lakini kwa siku zote tatu sikumsikia mteja akilitaja. Watu walielekezana kwa simu: "Mwambie boda akushushe Mbuyuni, kwenye pazia jekundu." Pazia hilo limening'inizwa mlangoni ili vumbi lisiingie na jua lisipaushe vitambaa vya mbele. Mama hakuwahi kulihesabu kama alama ya biashara. Lakini wateja walikuwa wameshamchagulia chapa muda mrefu kabla yangu, na kazi yangu ilikuwa kuiona na kuiheshimu. Sasa pazia jekundu ndilo lililo juu ya ukurasa wa mwanzo, na jina la leseni limewekwa chini, panapohusika na risiti.

Ila usichukue rangi kwa kupiga picha tu. Pazia lilikuwa limepauka, na picha ilinipa wekundu wa matofali. Nilikunjua upindo wake, mahali ambapo jua halijafika, ndipo nikaipata rangi ambayo Mama aliitambua mara moja: nyekundu iliyokolea, inayobeba maandishi meupe vizuri. Hilo la mwisho lina kipimo chake. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kutengeneza tovuti zinazotumika na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kuna zana za bure mtandaoni za kupimia. Njano juu ya nyeupe haifiki hata 2. Mteja wako atasoma akiwa stendi, jua la saa saba mchana likipiga kwenye skrini, kwa hiyo pima.

Kuhusu mlima, nina msimamo. Uko kwenye maji ya chupa, bia, kahawa na kampuni za kupandisha watalii. Ukiuweka kwenye duka la vitambaa unamwambia msomaji kwamba duka liko Kilimanjaro, jambo ambalo analijua tayari.

Kilichonifundisha zaidi ni khanga zenyewe. Khanga ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa ndani ya kisanduku kuelekea upande wa chini. Kwenye tovuti ya kwanza nilikata picha zote ziwe za mraba, ili zipangike vizuri, na majina yakapotea. Mhudumu wa kaunta ndiye aliyenishtua: "Kaka, umekata jina. Sasa mtu ataichaguaje?" Kwa siku zile tatu nilikuwa nimewaona wateja wakifanya hivyo hivyo. Mwanamke anakunjua khanga, anasoma kwanza, kisha ndipo anatazama maua. Anayemnunulia mama mkwe zawadi hawezi kubeba maneno ya kupigana vijembe. Kwa hiyo tulipiga picha upya, kila khanga imetandazwa nzima, na jina likaandikwa tena kwa maandishi ya kawaida chini ya picha. Hii ina faida nyingine: mtu akitafuta "wema hauozi" mtandaoni, maandishi yaliyo ndani ya picha peke yake ni vigumu kumfikisha kwako, na asiyeona, anayesomewa skrini na simu yake, angepitwa nayo kabisa.

Kutoka hapo hata umbo la tovuti likajipanga. Vichwa vya habari vimeandikwa kwa herufi kubwa, nyofu, ndani ya kisanduku, kama jina la khanga. Ukurasa una pindo jembamba jekundu. Sikuongeza pambo jingine lolote, kwa sababu vitambaa vina rangi za kutosha na vinahitaji nyuma nyeupe iliyotulia.

Picha za vitenge zitakutoa jasho. Taa ya dukani inabadilisha rangi, bluu inageuka kijani, mteja anapokea mzigo anasema siyo alichochagua. Piga asubuhi, mlangoni, penye kivuli chenye mwanga, na uweke karatasi nyeupe pembeni ili uirekebishe picha mpaka karatasi ionekane nyeupe kweli. Kisha punguza uzito. Picha ya simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Mimi huibadilisha kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi kwa tovuti, na kuhakikisha haizidi kilobaiti 150. Ukurasa wenye picha 20 nzito unamla mtu bando kabla hajaona kitenge cha tatu.

Bei ilitugombanisha kidogo. Mama hakutaka iandikwe, maana wateja wake wamezoea kuongea. Mimi naona mtu akikosa bei anahisi ataangaliwa usoni kwanza ndipo atajiwe bei. Tulikubaliana hivi: bei ya doti moja imeandikwa wazi, na kuanzia doti 10 kuna kitufe cha "Muulize Mama" kinachofungua WhatsApp. Maneno hayo ni ya wateja wenyewe. Hali kadhalika salamu ya mwanzo, "Karibu, shika kitambaa," ndiyo anayoisema Mama kwa kila anayeingia, na sikuirekebisha. Najua kwenye simu hakuna cha kushika. Ndiyo maana kila kitambaa kina picha moja ya karibu sana, uzi unaonekana, mkono wa Mama umekunja kona yake.

Usisahau msimu wa duka. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, harusi na kipaimara zinafuatana, na kamati zinatafuta sare. Mwenyekiti wa kamati haulizi kitenge kizuri, anauliza kama zipo doti 40 za aina moja. Niliweka idadi iliyobaki kando ya kila kitenge, na nikaenda kuwasikiliza mafundi cherehani wa kibarazani, kwa sababu wao ndio wanaojua sare ya watu 40 inashonwa kwa siku ngapi. Wako kwenye tovuti pia, na mashine zao, kwa ruhusa yao.

Jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz, liandikishwe kwa jina na barua pepe ya mwenye duka. Fundi aliyenitangulia kwenye duka jingine aliliandikisha kwa jina lake, akahama mji, na mwenye duka akalazimika kuanza na jina jipya.

Mwisho nilikaa na mhudumu wa kaunta alasiri mbili, hadi akaweza kupakia kitenge kipya bila kunipigia. Nywila zote tuliziandika kwenye daftari jipya, Mama akalifungia kwenye droo ya pesa. Picha ya kwanza aliyoipakia yule dada peke yake ilikuwa khanga ya kijani, imetandazwa mlangoni, jina linasomeka lote, na ncha ya pazia jekundu imeingia pembeni. Alitaka kuikata ile ncha, nikamwomba aiache.