Mnaoanza na chembe nano za dawa ya macho, jueni jicho kwanza

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu kutengeneza chembe nano, yaani chembe ndogo sana zinazopimwa kwa nanomita, za kupeleka dawa machoni, wengi naona mnaanza kwa kuuliza polima gani nzuri, ile malighafi ya kutengenezea chembe. Anzeni na jicho lenyewe. Tone moja la dawa ni kama maikrolita 30 hadi 50, machozi yaliyopo jichoni ni kama 7 tu, sasa mtu akipepesa mara mbili tatu dawa ishamwagika shavuni au ishapita kwenye mrija wa machozi kushuka puani, ndo maana wagonjwa wanasikia ladha chungu kooni, na inayoingia ndani mara nyingi haifiki hata asilimia 5. Kazi ya chembe zako ni kung'ang'ania pale na kuachia dawa taratibu, basi.

Kaitosani, polima inayotokana na maganda ya kamba na kaa, inapendwa kwa sababu ina chaji chanya na ute wa jicho una chaji hasi, vinashikana. Sawa, ila yenyewe inayeyuka kwenye asidi, ukipandisha pH kufika 7.4 ya machozi chaji inapungua sana na chembe zinaanza kugandana. Kwa hiyo usipime chaji kwenye maji ya asidi halafu ukasema zitashika jichoni, pima kwenye machozi ya kutengeneza, yenye chumvi na pH yake.

Kuua vijidudu ndo kunaumiza watu mwishoni kabisa, data zote zipo halafu dawa haiwezi kuingia jichoni. PLGA, polima nyingine inayotumika sana, ukiipeleka kwenye autoklevu (mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke) nyuzi 121 inaharibika, inalegea hata kwenye 50 hivi. Ukitegemea filta ya kuzuia vijidudu ya maikromita 0.22, yaani nanomita 220, na chembe zako ni nanomita 300, zitabaki kwenye filta pamoja na dawa. Lenga 150 hivi toka siku ya kwanza.

Trehalosi, sukari ya kulinda chembe, weka kabla ya kukausha kwa kugandisha, ila isizidi, maana ikizidi inachoma jicho, na jicho likichomwa linatoa machozi na machozi yanaosha dawa.

Kupima dawa inavyopenya jichoni, wahi machinjioni asubuhi uchukue macho ya mbuzi, yakae kwenye baridi bila kuganda, fanya siku hiyohiyo. Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ikiwa na ukungu achana nayo, iliyochoka inapitisha dawa kirahisi na utapata majibu mazuri ya uongo. Na ukifika kwa sungura kumbuka anapepesa mara chache sana kuliko binadamu, dawa itakaa kwake muda mrefu kuliko kwa mgonjwa wako wa presha ya macho.