Maswali yenu: wajane wa Italia na wachoraji wao

Wanawake wa Italia wa karne ya 15 na 16 walitoa wapi fedha za kupamba makanisa?

Wengi walikuwa wajane. Mahari ya kule ilikwenda kinyume na yetu: baba wa binti ndiye aliyelipa, na mume akifa, mjane alikuwa na haki ya kurudishiwa. Kuwabandua mashemeji kwenye fedha hizo ilikuwa shughuli nyingine. Na kule Florence, hata akizipata, hakuweza kufunga mkataba bila mwanamume wa kumsimamia.

Walichagua cha kuchorwa, au walilipa tu?

Angeulizwa mchoraji Mantegna! Mjane Imperatrice Ovetari alisimamia wosia wa mumewe wa kupamba kanisa dogo la familia, ndani ya kanisa la Eremitani mjini Padova. Mkataba ulifungwa mwaka 1448, Mantegna akiwa kijana wa miaka kama 17. Kazi ilipokwisha, mama akasimama mbele ya picha ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, akahesabu mitume. Wanane. Wengine wanne wako wapi? Mwaka 1457 akamshtaki. Mchoraji mwenzake, Pietro da Milano, akashuhudia kwamba ukuta ule ulikuwa finyu, mitume 12 wasingeenea. Labda. Mimi niko upande wa mama: ukuta aliuona kabla ya kuanza. Bomu la Machi 1944 lilisambaratisha sehemu kubwa ya michoro ile, lakini mitume wale wanane walikuwa wamekwisha kubanduliwa ukutani, wakapona.

Na masista je?

Giovanna da Piacenza, abesi (mkuu wa masista) wa monasteri ya San Paolo mjini Parma, alimwita Correggio mnamo 1519 amchoree chumba chake. Juu ya meko akachorwa Diana, mungu wa kike wa Warumi. Ndiyo, ndani ya monasteri.

Ni kweli picha ya Raphael ya Yesu akibebwa kwenda kaburini ilitokana na msiba?

Ni kweli. Mwaka 1500 mjini Perugia, Grifonetto Baglioni alishiriki kuwaua ndugu zake mwenyewe, naye akauawa kulipiza kisasi. Mama yake, Atalanta, ndiye aliyeagiza picha hiyo, iliyokamilika mwaka 1507. Tazama upande wa kulia: Maria amezimia, wanawake wamemdaka. Mwaka 1608 ilitolewa kanisani usiku ikapelekwa Roma kwa Kardinali Scipione Borghese, mpwa wa Papa. Watu wa Perugia wakapewa nakala.